The Bluegrass Album (1981): wanamuziki watano walivyowaenzi Bill Monroe na wenzake, uzi maalum kwa wapenda gita, banjo na fidla

Mleta uzi:

Wakuu habari za jioni. Humu tumeshaongea sana kuhusu Jim Reeves, Kenny Rogers, Don Williams na Dolly Parton, na najua wengi wenu mmekulia nyumba ambazo Jumapili redio inapiga country mpaka chai inaisha. Leo naomba tusogee hatua moja pembeni twende kwenye bluegrass, na hasa kwenye albamu moja tu inayoitwa The Bluegrass Album, ilirekodiwa California 1980 ikatoka 1981 kwa lebo ya Rounder. Hoja yangu ni hii na nitaitetea uzi mzima: hakuna albamu iliyowaheshimu waasisi wa muziki wake vizuri kama hii, kwa sababu hawa jamaa walizichukua nyimbo za wazee wakazipiga kwa uwezo wao wote bila kujibana na bila kuzigeuza zikawa kitu kingine.

Kwa ambaye ndo anaanza, bluegrass ni muziki wa vyombo vya nyuzi tupu. Gita, banjo, mandolini, fidla (hiyo hiyo mnayoisikia kwenye taarab asilia ya Zanzibar) na besi kubwa la kusimama. Ngoma hakuna kabisa. Sasa utajiuliza mapigo yanatoka wapi, jibu ni kwamba besi linapiga pigo la kwanza na mandolini inadakia pigo la pili kwa kukata nyuzi kavu, cha! cha! cha!, yule wa mandolini anapiga kodi (chord, yaani noti kadhaa kwa pamoja) halafu papo hapo analegeza vidole ili sauti ife, hapo ndo unapata kitu kama snea (ile ngoma ya mlio mkavu) bila kuwa na snea. Ukishasikia hilo pigo la mandolini mara moja basi utalisikia kwenye kila wimbo wa bluegrass maisha yako yote.

Sasa wazee wenyewe ni akina nani. Wa kwanza ni Bill Monroe, mzaliwa wa Rosine, Kentucky, 1911. Mtoto wa mwisho kati ya wanane. Kaka zake walishawahi fidla na gita, yeye kitindamimba akaachiwa mandolini ambayo hakuna aliyeitaka. Mama yake alifariki akiwa na miaka kumi, baba akafuata akiwa na kumi na sita, akaenda kuishi na mjomba wake Pendleton Vandiver ambaye alikuwa mpiga fidla wa dansi za vijijini. Mjomba anapiga fidla, mpwa anashika gita nyuma yake. Na hapo hapo Rosine alikuwepo mtu mweusi mmoja, Arnold Shultz, mpiga gita na fidla mkali sana, Monroe akiwa kijana alikuwa anampigia gita kwenye dansi, na mpaka anazeeka alikuwa anasema wazi kwamba ile blues iliyopo kwenye muziki wake chanzo kimojawapo ni huyo Shultz. Shultz alifariki 1931 bila kurekodiwa hata wimbo mmoja. Hili jambo linaniuma sana, tungekuwa na dakika tatu tu za huyo mtu leo tungejua mengi.

Oktoba 1939 Monroe akaingia Grand Ole Opry, lile onyesho la country la redioni kule Nashville, na bendi yake ya Blue Grass Boys, jina kalitoa kwenye jina la utani la jimbo lake la Kentucky. Ila ule muziki tunaouita bluegrass leo ulikamilika baadaye, mwishoni mwa 1945, pale alipoingia kijana wa North Carolina aliyekuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha nyuzi, Earl Scruggs, miaka 21, na banjo yake ya vidole vitatu. Kabla yake wengi walikuwa wanaipiga banjo kwa kugonga au kwa vidole viwili, na mara nyingi mpiga banjo ndo alikuwa mchekeshaji wa bendi. Scruggs akaja na dole gumba, cha shahada na cha kati, kila kimoja kimevaa kucha ya bandia, noti zinatiririka hazikatiki. Watu kwenye ukumbi wakawa wanapiga kelele kama mpira umeingia golini.

Kikosi kikawa hivi: Monroe mandolini, Lester Flatt gita na sauti, Scruggs banjo, Chubby Wise fidla, Howard Watts besi. Hawa watano waliingia studio Chicago mara mbili tu, Septemba 1946 na Oktoba 1947, wakaacha nyimbo 28. Zote fupi, kama dakika tatu hivi, kwa sababu santuri za kipindi kile upande mmoja ulikuwa hauchukui zaidi ya hapo. Nyimbo 28 wakuu, na hiyo ndo shule nzima. Mwanzoni mwa 1948 Flatt na Scruggs wakaondoka wakaanzisha bendi yao, Monroe akachukia kiasi kwamba ilipita zaidi ya miaka ishirini hawaongei, mpaka 1971 kwenye tamasha la Bean Blossom, Indiana, ndo akapeana mkono na Flatt.

Nafasi ya Flatt ilikuja kujazwa 1949 na Jimmy Martin, sauti kali, ridhimu ya gita inayosukuma bendi nzima. Mshikeni huyu Jimmy Martin maana anarudi sasa hivi.

Naendelea chini, post isije ikawa ndefu sana.

Mleta uzi (sehemu ya pili):

Sasa 1980. Tony Rice ana miaka 29 na ni mpiga gita ambaye wenzake wote wanamtazama mikono. Miaka minne hivi alikuwa kwenye kundi la David Grisman kule California wakipiga muziki wa nyuzi wenye jazz ndani, kodi ngumu, nyimbo hazina maneno. Waliompenda kwenye bluegrass walishaanza kusema huyu kijana katuacha. Akapanga kufanya albamu ya peke yake ya nyimbo za zamani, akawaita watu anaowaamini, na walivyokaa pamoja ikaonekana wazi hii ni bendi, sio mtu mmoja na wasindikizaji. Ndo maana kwenye kava la kwanza halikuwekwa jina la bendi kubwa, ni majina yao watano: Tony Rice, J.D. Crowe, Doyle Lawson, Bobby Hicks, Todd Phillips. Jina la Bluegrass Album Band limekuja kwa sababu watu walihitaji kuwaita kitu fulani.

Na hapa ndo naomba mnisikilize vizuri. Angalieni kila mmoja katokea wapi.

J.D. Crowe, banjo. Mtoto wa Lexington, Kentucky. Mwaka 1949, ana miaka kama kumi na miwili, Flatt na Scruggs walikuwa wanapiga kwenye onyesho la Jumamosi pale Lexington, na huyu mtoto alikuwa anakaa mbele kabisa anaangalia mkono wa kulia wa Earl Scruggs. Hakuna video, hakuna kitabu, ni macho tu. 1956 akachukuliwa na Jimmy Martin, huko akanyooshwa miaka kadhaa, kwa Jimmy Martin ukikimbiza mapigo hata kidogo unaambiwa hapo hapo.

Doyle Lawson, mandolini na sauti ya juu. Naye kaanzia kwa Jimmy Martin, 1963, tena akipiga banjo! Baadaye akaenda Country Gentlemen miaka karibu minane, halafu akaanzisha kundi lake mwenyewe la Quicksilver ambalo kwenye gospel ya sauti nne sijasikia wa kuwagusa.

Bobby Hicks, fidla. Huyu alikuwa Blue Grass Boy mwenyewe, kapiga na Bill Monroe miaka ya 1950, yumo kwenye rekodi zile za fidla zaidi ya moja zinazopigwa pamoja. Kwa hiyo ukisikia fidla kwenye nyimbo za Monroe humo ndani unasikia mtu aliyesimama pembeni ya Monroe.

Tony Rice mwenyewe alipitia kwa Crowe, 1971 mpaka 1975. Kwa maana hiyo mnyororo unakwenda Monroe, Jimmy Martin, Crowe, Rice, haujakatika popote. Todd Phillips ndo pekee ambaye hakulelewa na hao wazee, ni mtu wa California, alikuwa na Tony kwa Grisman, na besi lake ni safi mno kwa sababu hajazi nafasi hovyo, anaweka noti anaiacha.

Gita la Tony Rice lazima niliseme. Ni D-28 ya kampuni ya magita ya Martin, ya 1935, ilikuwa ya Clarence White, ambaye Tony alikutana naye akiwa mtoto wa miaka tisa huko California. Tundu la lile gita limepanuliwa, limekwanguliwa ukingoni mpaka mapambo ya duara la ndani yametoka, kwa hiyo ukiliona picha unalijua mara moja. Clarence White aligongwa na dereva mlevi 1973 akafariki, na 1975 Tony akalitafuta lile gita mpaka akalipata akalinunua. Mtu wa namna hiyo ukimwambia arekodi nyimbo za wazee hawezi kuzifanyia mchezo.

Sasa sikilizeni wimbo wa kwanza, Blue Ridge Cabin Home, ulikuwa wa Flatt na Scruggs miaka ya 50. Banjo ya Crowe inafungua, kila noti imekaa sehemu yake, hakuna haraka ila unahisi mwendo. Inapoingia sauti ya Tony, gita lake chini linafanya kazi ambayo msikilizaji wa kwanza hataiona, maana muda mwingi wa albamu hapigi solo kabisa, huyu ambaye dunia nzima inamjua kwa solo anashika ridhimu kama Lester Flatt, na mwisho wa mstari anadondosha kile kipande cha noti za chini ambacho Flatt alikifanya kuwa alama yake, tum-ta-ra-tum, kinafunga mstari na kufungua mwingine. Halafu kiitikio, Lawson juu, Tony katikati, Crowe chini, sauti tatu zimebanana mpaka huoni pengo. Hapo ndo ninaposema uwezo wao wote upo pale lakini wimbo umebaki wa mwenyewe.

Nakaribisha maswali na mapingamizi.

mzee wa vinanda:

Uzi mzuri kaka. Ila mimi nina pingamizi. Kurudia nyimbo za watu miaka thelathini baadaye kuna ubunifu gani? Si bora wangetunga zao. Hata huku kwetu kila siku watu wanarudia zilipendwa, wanaweka kinanda cha kompyuta basi wameenzi.

Mleta uzi:

Mzee wangu shikamoo, pingamizi lako ni la maana na nalijibu kwa heshima. Kwanza hawa watu hawakuwa wameishiwa. Tony Rice alikuwa katoka kwenye muziki mgumu na mpya kuliko wowote uliokuwa unapigwa kwa gita lisilo la umeme, na Crowe 1975 alishatoa albamu na bendi yake ya New South, humo ndani yupo Tony, yupo Ricky Skaggs, yupo Jerry Douglas, ambayo ilibadilisha kabisa namna vijana walivyokuwa wanapiga. Walikuwa na uwezo wa kwenda kokote. Wakachagua kurudi.

Pili hebu angalia wimbo wa Molly and Tenbrooks ambao upo humo kwenye albamu, historia yake inajibu swali lako kuliko mimi. Ni wimbo wa mashindano ya farasi, yalifanyika kweli Louisville, Kentucky, tarehe 4 Julai 1878, farasi Ten Broeck wa Kentucky na jike Mollie McCarty aliyeletwa toka California. Kwenye wimbo Molly anazikwa, kiuhalisia hakufa kwa mbio zile. Watu waliuimba miaka na miaka. Monroe akaurekodi Oktoba 1947 na kile kikosi cha Scruggs, ila kampuni ikaukalia haikuutoa. Wakati umekaliwa, Monroe alikuwa anaupiga jukwaani na redioni, vijana wawili wa milima ya Virginia, Stanley Brothers, wakausikia wakauchukua kama ulivyo, banjo ya vidole vitatu na kila kitu, wakaurekodi wakautoa 1948 kabla ya mwenyewe! Monroe alikasirika sana. Halafu kampuni yake ya Columbia ikawasajili hao hao Stanley, naye akahama akaenda Decca.

Lakini fikiria mzee, mpaka siku ile ule muziki ulikuwa ni sauti ya bendi moja. Wale vijana walipouiga ndo ukawa aina ya muziki. Bila kuiga, leo tungekuwa tunasema tu kulikuwa na bendi ya Bill Monroe, tena jina lenyewe la bluegrass limetokana na bendi yake, watu walianza kulitumia hivyo miaka ya 1950. Na Monroe mwenyewe hasira ilipoisha alimchukua Carter Stanley akaimba naye 1951. Kwa hiyo kurudia nyimbo ndani ya bluegrass ni njia ambayo muziki wenyewe ulizaliwa nayo, ubora unapimwa kwa namna ulivyorudia.

Kuhusu kinanda cha kompyuta niko upande wako kabisa. Kuenzi ni kazi, inabidi ujue kwa nini mzee aliweka noti pale.

binti wa Kericho:

Sawa sana. Mimi niko upande wa Kenya na nimependa hii. Hapa kwetu wazee wanaongea juu ya Chemirocha, unajua hiyo hadithi? Naona inaingia hapa.

Mleta uzi:

Dada umenifurahisha mno, inaingia moja kwa moja na nilikuwa nasita kuiweka maana nilidhani nitawachosha watu.

Wakuu, 1950 Hugh Tracey, yule aliyekuwa anazunguka Afrika kurekodi muziki, alipita Kapkatet, kwa Wakipsigis, akarekodi wasichana wakiimba wimbo unaomtaja Chemirocha. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, yule muimbaji wa Mississippi aliyekuwa anapiga yodo (kuimba kwa kurukisha sauti chini na juu), alifariki 1933, santuri zake zilifika huku na gramafoni za Wazungu. Kwenye simulizi akageuka kiumbe nusu mtu nusu mnyama wa porini, wasichana wanamuimbia acheze. Wimbo mtamu ajabu, utafuteni, wasichana na kinubi chao tu.

Sasa unganisheni. Usiku ule wa Oktoba 1939 Bill Monroe alipojaribiwa Grand Ole Opry aliimba Mule Skinner Blues, ambao ni wimbo wa Jimmie Rodgers wa 1930, ila yeye kauongezea kasi na kaupandisha sauti juu. Na kwenye zile nyimbo 28 za Chicago mmojawapo ni Blue Yodel No. 4, wa Rodgers huyo huyo. Yaani miaka ile ile ambayo Monroe anatengeneza bluegrass kutoka kwa Rodgers, kule Kericho nao wameshamchukua Rodgers yule yule wakamfanya wa kwao. Mimi kila nikisikiliza hizi rekodi mbili kwa kufuatana nasisimka.

kijana wa Sinza:

Mkuu swali, banjo si chombo cha Wazungu wa milimani? Mbona wengine wanasema ni yetu?

Mleta uzi:

Asili yake ni Afrika mdogo wangu, hilo halina ubishi tena. Watu waliotekwa Afrika Magharibi wakapelekwa visiwa vya Karibea na Marekani walikwenda na ujuzi wa vyombo vya kibuyu kilichowambwa ngozi na mpini wa kijiti. Senegal, Gambia na Guinea-Bissau mpaka leo Wajola wanapiga akonting, ina uzi mmoja mfupi unaopigwa na dole gumba, na banjo ya nyuzi tano nayo ina uzi mfupi wa dole gumba. Scruggs alivyofanya maajabu yake, ule uzi mfupi ndo unalia muda wote pembeni kama kengele. Ukiiondoa hiyo nyuzi, mtindo wa Scruggs haupo.

Na wapo wa bluegrass waliolifuatilia hilo kwa miguu yao. Béla Fleck, mpiga banjo mkubwa, alikuja na banjo yake Uganda, Tanzania, Gambia na Mali, akapiga na Anania Ngoliga wetu mwenye ilimba (kile chombo cha vyuma kinachopigwa kwa madole gumba), ile albamu na filamu vyote vinaitwa Throw Down Your Heart, jina lililotokana na Bagamoyo, ikachukua Grammy 2010. Mkitaka kusikia ilimba na banjo zinavyosikilizana anzieni pale kwenye vipande vya Ngoliga, yule mzee ana sauti na ana masikio.

Kwa hiyo unaposikiliza The Bluegrass Album kumbuka kwamba waasisi wanaoenziwa pale nao walikuwa wamebeba waasisi wengine ambao hawakuandikwa kwenye kava. Shultz ni mmoja. Wajola wa karne zile hawana hata jina.

fundi wa spika:

Mleta uzi tupe basi nyimbo nyingine za kwenye hiyo albamu, na je iliishia hiyo moja? Na hao jamaa wako wapi sasa?

Mleta uzi:

Ni nyimbo kumi na mbili kaka. Za Monroe zipo Toy Heart (imetoka kwenye kikao cha Chicago 1946), I Believe in You Darling, On My Way Back to the Old Home, na River of Death ambayo ni gospel. Za Flatt na Scruggs zipo We Can't Be Darlings Anymore, Pain in My Heart, Gonna Settle Down, Your Love Is Like a Flower. Ya Jimmy Martin ni Chalk Up Another One. Ipo na Model Church, wimbo wa kanisa, hiyo ukiiweka usiku nyumba imetulia sauti zile zinakaa mahali pake. Mimi niipendayo kuliko zote ni On My Way Back to the Old Home, Monroe aliiandika kuhusu kurudi nyumbani Rosine mahali ambapo taa ya dirishani haiwaki tena maana wazazi wameshaondoka, na ukijua alifiwa na mama na baba akiwa mtoto ule wimbo unaupokea tofauti kabisa. Tony Rice na wenzake hawakuuongezea machozi hata kidogo, wameupiga kwa mwendo, na kwa kuwa hawakulia wao unalia wewe.

Haikuishia moja. Zilikuwa sita. 1982 ya pili, 1983 ya tatu, hapo ndo akaongezwa Jerry Douglas na dobro, ambalo ni gita linalolazwa na kupigwa kwa chuma, 1984 ya nne, 1989 ya tano, fidla ya Vassar Clements nayo ikaingia, na ya sita ya vyombo tupu ikatoka 1996. Ila hawakuwahi kuwa bendi ya kuzunguka kila siku, kila mmoja alikuwa na kundi lake, wanakutana, wanarekodi, wanapiga maonyesho machache, wanatawanyika.

Ya sita ni ya vyombo tupu na mimi naona kuna huzuni ndani yake, maana miaka hiyo Tony Rice alishapoteza sauti ya kuimba. Koo liliharibika, toka katikati ya miaka ya 90 hakuimba tena jukwaani, anaongea kwa mkwaruzo tu. 2013 alivyoingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa bluegrass kule Raleigh akasimama akahutubia, na katikati ya hotuba akawaambia watu amekuwa akifanya mazoezi, akaigeuza sauti kwa sekunde chache ikatoka ile ya kwake ya zamani ya kuongea. Ukumbi mzima watu wazima wanafuta macho. Video ipo.

Tony alifariki Disemba 25, 2020. Crowe akafuata Disemba 24, 2021, pungufu ya siku moja kutimia mwaka. Bobby Hicks alifariki 2024. Mungu awarehemu.

mzee wa vinanda:

Umenijibu vizuri kijana, nimeanza kuisikiliza hapa. Hiyo banjo ni kweli haikimbii. Je kuna nyingine za kuenzi namna hii nisikilize baada ya hapa?

Mleta uzi:

Zipo mzee wangu na nakupa ninazozipenda kweli.

Kabla ya hii, 1972, kuna Will the Circle Be Unbroken ya Nitty Gritty Dirt Band, santuri tatu kwa mpigo. Wale walikuwa vijana wa California wenye nywele ndefu, wakaenda Nashville 1971 wakawaomba wazee wenyewe waje studio: Mother Maybelle Carter, Earl Scruggs, Doc Watson, Jimmy Martin, Merle Travis, Roy Acuff. Raha yake ni kwamba wameacha maongezi ya studio humo humo, unamsikia Jimmy Martin anawapanga vijana, unawasikia Doc Watson na Merle Travis ndo wanakutana kwa mara ya kwanza maishani. Bill Monroe aliombwa akakataa. Kwa hiyo ile ni ya kumuenzi mzee akiwa amekaa kiti cha mbele, na hii ya 1981 ni ya wanafunzi peke yao, zote nzuri ila mimi naiweka juu hii ya wanafunzi, kwa sababu mwalimu hayupo darasani na bado kazi imenyooka.

Halafu nenda kwa Ricky Skaggs. Huyu ana miaka sita Monroe alikuja kupiga kijijini kwao Kentucky, watu wakawa wanapiga kelele mwacheni Ricky mdogo apige, Monroe akamwita jukwaani akavua mandolini yake mwenyewe, akaufupisha mkanda akamvalisha mtoto. Akaja kuwa nyota mkubwa wa country miaka ya 80, na Monroe alipofariki Septemba 1996 Skaggs akarudi moja kwa moja bluegrass. 2008 akatoa Honoring the Fathers of Bluegrass: Tribute to 1946 and 1947, nyimbo za kile kile kikosi cha Chicago, ikachukua Grammy 2009. Banjo humo ni Jim Mills, mtu aliyekuwa anakusanya banjo za Gibson za kabla ya vita ili apate mlio wa Scruggs. Kipindi inatoka, kati ya wale watano wa 1946 aliyebaki hai ni Earl Scruggs peke yake. Ile ina kasi kuliko The Bluegrass Album, inang'aa, wengine wanaipenda zaidi. Mimi naona Skaggs anakimbia kidogo pale ambapo Crowe angesubiri, ila hilo ni la ladha.

Na 2013 Jerry Douglas akaunda kundi la Earls of Leicester kwa ajili ya Flatt na Scruggs tu, wanavaa kofia na tai kama wao, wanazunguka maikrofoni kama wao, anayepaswa kusikika anasogea na aliyemaliza anarudi nyuma.

Ila ushauri wangu mzee, ukimaliza The Bluegrass Album leo, kabla hujaenda kwa hao wengine tafuta Toy Heart ya 1946 uisikilize, halafu urudi kwa hii ya Tony Rice. Kwenye ile ya Chicago utasikia mkwaruzo wa santuri na vyombo vimerundikana pamoja, usijali, fuata banjo tu. Kijana wa miaka 22, ndo kikao chake cha kwanza cha studio na Monroe. Ukirudi kwa Crowe utatambua kila alichokiona yule mtoto wa kiti cha mbele Lexington.

fundi wa spika:

Nimeshaipakua. Kesho naiweka kwenye spika kubwa dukani nione wateja watasemaje.

Mleta uzi:

Anza na wimbo wa kwanza kaka, usiuruke, na treble usiizidishe maana banjo inachoma masikio. Lete mrejesho hapa hapa.